Kisumu Si Machweo Tu: Historia Yetu Iko Sokoni

Wasee, tuambiane ukweli. Mtu akitua Kisumu na simu yake, anarusha vitu vitatu: jua likizama Dunga, samaki mzima na ugali, na kiboko wa Hippo Point kama bahati imemwangukia. Basi, mji umeisha. Halafu mtu wa Nairobi anauliza, "Kwani huko kuna nini kingine?"

Kuna kibao. Ni vile tu hakijaandikwa kwenye ukuta.

Anza na jina lenyewe. Wazee husema Kisumu limetoka kwa neno la Dholuo, kisuma, yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Njaa ikipiga kwenu, unabeba ulicho nacho, unakuja hapa, unarudi na nafaka. Kwa hivyo kabla ya reli na kabla ya mkoloni, hapa palikuwa soko.

Reli ilianza Mombasa 1896 ikafika ziwani Desemba 1901. Waingereza wakapaita Port Florence, jina la Florence Preston, mke wa msimamizi wa watandika reli. Na hadi 1902 upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda! Sasa niambie, ushawahi kusikia makanga akiita abiria wa Port Florence? Jina la ramani lilikufa, jina la soko likabaki.

Tembea Oginga Odinga Street uone ule mnara wa saa. Wengi hupita hapo kila siku bila kusoma. Ulizinduliwa 1938 na gavana wa kikoloni, na ulijengwa na wana wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, aliyefika Afrika Mashariki 1871. Ni kitu kizuri, na ni haki yao. Lakini ona mpango ulivyo: mwenye pesa huandikwa kwenye jiwe. Mathe aliyeuza omena miaka thelathini, akasomesha watoto sita, ameandikwa wapi?

Ameandikwa midomoni. Na Kisumu, mdomo una nguvu. Mwambie mtu wa boda akupeleke Russia. Hatakuuliza pasipoti, atakupeleka hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga. Tunaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alikuja kuifungua, miezi mitatu tu baada ya Tom Mboya kuuawa Nairobi. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno mbele ya umati, na walinzi wakafyatua risasi. Raia walikufa, watoto wakiwemo, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Wengi wetu hatukusikia hayo darasani. Tuliyasikia kwa dani, kwa kinyozi, kwa mzee anayeuza malapa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kama historia yetu inakaa midomoni, basi soko ndilo maktaba yetu. Nenda Kibuye Jumapili, kutoka mitumba hadi jua kali, kutoka viti hadi kuku. Kila kona ina mtu anayejua nani alikaa hapo kabla yake na kwa nini alihama. Ukiwatawanya watu hao, hujahamisha bidhaa tu. Umerarua kitabu.

Na tumeshararua. Bandari ilipokuwa ikifufuliwa na Shirika la Reli likidai ardhi yake, vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilibomolewa. Lwang'ni maana yake nzi, na watu walikula hapo wakicheka jina hilo. Leo dogo wa miaka kumi halijui.

Najua utasema nini. "Buda, unataka tuishi kwa matope? Soko linahitaji paa, choo, maji, taa." Nakubali kabisa. Mathe hafai kukaa juani na kunyeshewa ndio sisi tupate picha tamu. Lakini kujenga na kufuta ni vitu viwili tofauti. Unaweza kumpa paa bila kumpoteza, na unaweza kumuuliza kabla ya tingatinga kufika.

Mwaka wa 2001, Kisumu ikitimiza miaka mia moja, ilipandishwa hadhi kuwa jiji. Mwaka huo huo UNESCO iliutangaza uwanja wa Jemaa el-Fna, mjini Marrakech, Morocco, kuwa urithi wa binadamu. Si kwa sababu ya majumba. Ni kwa sababu ya wasimulizi wa hadithi, wanamuziki na wachuuzi wake. Kulikuwa na mipango ya kujenga maegesho na jengo refu pale, na watu wakapiga kelele hadi wakasikika. Wao waliona kelele za soko ni mali. Sisi tunaziona uchafu.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya historia. Lakini simu ninayo, na wewe pia unayo. Kaunti tuidai vitu viwili: mabango ya Dholuo na Kiswahili pale Russia, Kibuye na Lwang'ni, na wachuuzi wenye umri kwenye meza kabla ya soko lolote kuhamishwa. Sisi wenyewe tuanze wiki hii. Nenda kwa yule mama anayekuuzia nyanya, mwamkie vizuri, nunua kwanza, omba ruhusa, kisha muulize: "Mama, hapa palikuwa nini kabla yako?" Washa simu, nyamaza, umwache aongee.

Jua litazama tena kesho, halina haraka. Yule mama si lazima awe pale.