Ruzuku ya Ng'ombe na Miche Yetu



Wengine mtauliza karafuu zina nini na ng'ombe wa Singida. Zina jambo, nasi twaomba mtuvumilie kidogo.

Mwezi wa Juni, 2025, huko Bariadi, Mkoa wa Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya chanjo ya mifugo kwa Tanzania Bara, mpango wa miaka mitano. Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo Serikali hutoa nusu ya gharama. Chanjo ya homa ya mapafu, ambayo ingekuwa shilingi 1,000 kwa ng'ombe mmoja, mfugaji huilipia 500. Ile ya sotoka ya mbuzi na kondoo, 300. Kuku huchanjwa bure. Na mnyama hutiwa hereni sikioni apate kutambulikana.

Basi tuchukue Mwankoko, kata iliyo katika Manispaa ya Singida, nchi ya alizeti, mtama na uwele, ambako mkulima na mfugaji mara nyingi ni mtu mmoja. Mwenye ng'ombe 200 husaidiwa shilingi 100,000. Mwenye ng'ombe wanne husaidiwa 2,000. Mwenye nacho huongezewa.

Kwa chanjo, sisi hatuoni kosa. Maradhi hayaulizi zizi ni la nani, na ng'ombe wa tajiri asipochanjwa atakwenda kunywa bwawa moja na wale wanne wa jirani yake. Na hili la kuku limetupendeza zaidi. Kuku wa Singida wajulikana mpaka Dar es Salaam, nao wengi ni mali ya akina mama. Kideri kikiingia, banda huwa tupu kwa siku chache. Aliyeamua kuku wachanjwe bure alijua fedha ya chumvi na madaftari ya watoto hutoka wapi.

Lakini lifaalo kwa maradhi halifai kwa kila kitu. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 humtaka mkulima ajiandikishe, kisha atoe fungu lake taslimu dukani. Mwenye kulima uwele kwa mvua haba atainunua ya nini? Msaada huo hufuata mahindi na mpunga, kule kwenye mvua.

Sasa tuje kwetu. Kilimo si jambo la Muungano, kwa hiyo neno letu ni kwa Serikali ya Mapinduzi. Tangu 2011 bei ya Shirika la ZSTC imepandishwa ili mkulima apate kadiri ya asilimia 80 ya bei ya dunia, na miche hutolewa bure. Hatukanushi wema huo. Ila bei huhesabu kilo: mwenye mikarafuu mia nne hupata kwa mia nne, na mjane mwenye kumi na tano hupata kwa kumi na tano. Mchumaji alipwaye kwa pishi, asiye na mti hata mmoja, hapati ila pishi yake.

Na mche wa bure si mti. Wataka kivuli cha mgomba, maji wakati wa kiangazi, na palizi, miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma. Mwenye shamba kubwa huweka vibarua. Yule mjane hubeba ndoo mwenyewe, na akiugua wiki mbili za jua kali, miche imekwenda. Hesabu tuisikiayo kila mara ni ya miche iliyotolewa. Ya iliyo hai twaisikia kwa nadra.

Rai yetu ni hii. Serikali ilipe fedha kidogo kwa kila mche utakaokutwa hai mwaka wa pili na wa tatu, na isilipe zaidi ya miche hamsini kwa mtu mmoja. Ikiwa ng'ombe wa Mwankoko aweza kuhesabiwa kwa hereni, mche usiokimbia hautashinda kuhesabiwa.

Twajua baadhi ya wanachama wenye mashamba makubwa hawatapenda kikomo hicho. Waje mkutanoni waseme, wala tusinung'unike barazani. Makatibu wa matawi nao waanze sasa kuandika: nani alipewa miche, mingapi, na leo imesimama mingapi.