Kiti cha muamuzi Kaluba: aliingia katika ubishi, akatoka kwa kura ya bahati

Wandugu wa machimbo, munajua vizuri: mifuko ya mawe ikitoka shimoni, kunakuwa mutu wa kugawanya. Kama huyo mutu anamuogopa PDG, kama anajua kesho anaweza kufukuzwa juu ya neno moja, ataangalia kwanza uso wa PDG, kisha ndiyo agawanye. Si lazima awe mwizi. Woga peke yake unatosha.

Inchi nzima nayo iko na wagawanyaji wake. Zamani Tribinali Kuu ilikuwa moja. Katiba ya 2006 iliigawanya tatu, na Tribinali ya Katiba, iliyoanza kazi 2015, ndiyo inasema neno la mwisho juu ya uchaguzi na sheria. Iko na waamuzi 9: watatu wa Rais, watatu wa Bunge, watatu wa Baraza Kuu la waamuzi. Muda wao ni miaka 9. Juu ya nini 9, wakati Rais anachaguliwa kwa miaka 5? Ni ili muamuzi abaki kitini hata kama mwenye kumuweka ameenda.

Hiyo ni karatasi. Sasa tuangalie njia ya mutu mmoja, Dieudonné Kaluba Dibwa, avoka na profesa wa sheria ya Katiba kule Chuo Kikuu cha Kinshasa.

Katika Julai 2020, Rais Tshisekedi aliwatoa waamuzi wawili wa hiyo Tribinali, Kilomba na Ubulu, akawatuma Tribinali ya Kasasyo. Walikataa: miaka yao 9 haijaisha. Hawakusikilizwa. Tarehe 21 Oktoba 2020 waamuzi watatu wapya waliapa, Kaluba akiwa mmoja wao. Wakubwa wa Bunge na Seneti, watu wa upande wa Kabila, hawakufika. Desemba, ushirika wa Kabila na Tshisekedi ulikufa.

Katika Aprili 2021, waamuzi wenzake walimchagua Kaluba kuwa prezida wa Tribinali. Hata mwezi haukuisha, jambo la kwetu likafika mezani pake: hali ya dharura ya kijeshi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, iliyoanza 6 Mei 2021. Tribinali yake ilisema inafuata Katiba. Ndiyo hapo kesi za makosa ya jinai za raia wa Bunia, Mongbwalu na Mambasa zilipelekwa mbele ya waamuzi wa kijeshi. Kwa hiyo musiseme mambo ya Kinshasa hayafike shimoni. Yalifika hata kwa mutu aliyepigana na mwenzake juu ya mufuko wa muchanga.

Kisha ikaja kesi ya Bukanga Lonzo, lile shamba kubwa la Leta lililokula zaidi ya dola milioni 200. Aliyeshitakiwa ni Matata Ponyo, waziri mukuu wa zamani. Tarehe 15 Novemba 2021, Tribinali ya Kaluba ilisema haina uwezo wa kumuhukumu, maana haiko tena katika kazi hiyo. Watu wengi walikasirika.

Mei 2022, wakati wa kubadilisha sehemu ya waamuzi kwa kura ya bahati, jina la Kaluba lilitoka. Alikaa mwaka moja na nusu hivi. Kamuleta akawa prezida. Novemba 2022, Tribinali ileile, juu ya mutu uleule, ikasema: uwezo tunao. Tarehe 20 Mei 2025 Matata alihukumiwa miaka 10 ya kazi ya kulazimishwa.

Kusema kweli, kura hiyo iko katika Katiba: kila miaka mitatu, theluthi ya waamuzi inabadilishwa. Hakuna aliyeonyesha kwamba mukono wa mutu uliichezea. Na kwamba pesa ya watu ifuatiliwe, ni jambo zuri. Lakini jibu likibadilika wakati kiti kimebadilika, mutu wa kawaida ataamini sheria ao ataamini kiti? Kaluba aliingia kupitia mulango ambao wawili walisukumiwa inje. Kiti kisichowalinda hao hakikumulinda naye.

Tangu Oktoba 2024, Rais anaongea juu ya Katiba mupya. Wengi wanabishana tu juu ya miaka ya urais. Mubunge akifika Iga Barrière ao Mongbwalu kuwaongelesha, mumuulize pia juu ya kifungu 158, kile cha waamuzi: nani atawaweka, nani ataweza kuwatoa, na kwa njia gani? Siku mtoto wako atasimama mbele ya tribinali, hutaomba muamuzi awe rafiki yako. Utaomba paka asimuogope mutu.