CHEO NA CHETI



Katika reli mtu hapewi gari la moshi kwa sababu amevaa kofia nzuri. Hufundishwa, hutahiniwa, kisha hupewa cheti. Jambo hili twalijua sote, toka Emali mpaka Mtito Andei.

Je, yule ashikaye faili zetu? Yeye ndiye aandikaye barua za onyo, za likizo na za kufukuzwa kazi. Zamani mtu yeyote aliweza kubandika mlangoni maneno "Meneja wa Wafanyakazi", naye hajui sheria hata moja ya kazi. Cheo cha namna hiyo ni kilemba cha ukoka.

Mwaka 2012 Bunge la Kenya lilipitisha sheria juu ya wataalamu wa kusimamia wafanyakazi. Yasema mtu asifanye kazi hiyo mpaka ameandikishwa na kupewa cheti. Makatibu wa makampuni walipata sheria yao 1988, nao mainjinia wana yao ya 2011.

Wengine husema hayo ni mambo ya wakubwa. Sivyo. Meneja aliyeandikishwa aweza kushtakiwa mbele ya wenzake na kufutwa katika daftari. Asiyeandikishwa humwogopa bosi wake tu. Kwa hiyo sisi twaiunga mkono sheria hii.

Lakini wako makarani Kitui na Wote waliotunza faili miaka 20 bila digrii. Sheria isiwe ukuta wa kuwafungia nje. Wapewe njia ya kutahiniwa, kwa ada wanayoiweza.

Tena, cheti peke yake si haki. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya kufukuzwa kwa kosa au kwa kazi mbaya, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama unayemchagua awepo. Meneja mwenye cheti akiyavunja hayo, hana la kujitetea, kwani alifundishwa.

Basi, ndugu, ukiitwa ofisini, uliza kwa adabu: "Bwana, umeandikishwa?" Usitie sahihi barua usiyoielewa. Mwite mwakilishi wako kwanza.

Nasi mafundi twende tukafanye mtihani wa serikali wa ufundi, daraja la tatu, la pili, hata la kwanza. Tukidai vyeti vya wakubwa, na vyetu viwe mkononi.

Umoja ni nguvu.