"Weka 30 Zote" Si Jibu

Wasee, tuache hii tabia. Jamaa wa petroli anauliza, "Niweke presha ngapi?" na wewe unajibu, "Weka 30 zote." Nani alikwambia? Fungua mlango wa dereva, angalia stika pale kwenye fremu. Namba ya gari yako iko hapo. Ile imeandikwa kwenye tairi ni kiwango cha juu kabisa, si cha kila siku. Gari ni ya Japan? Stika ikisema 230 kPa, hiyo ni kama 33 psi. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Mkijaa watano na mizigo kwenda Mombasa, tairi yenye upepo kidogo inajikunja, inachemka, na inaweza kupasuka mkiwa spidi. Upepo stesheni nyingi ni bure. Mabeshte umebeba, je?