Mlalahoi wa daraja la tatu naye ana miguu!

Hivi nani kasema safari ya kikazi ni ya mwenye tai tu? Kijana anayenunua dagaa Kibirizi na mawese Mwandiga, akapanda treni daraja la tatu kuwahi wateja wa Kariakoo, naye yuko kazini. Kigogo hupanda ndege, posho mfukoni, saa chache yuko Dar. Mlalahoi anakunja magoti kilomita 1,250, usiku na mchana.

Jamani, hili si suala la starehe. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kukaa bila kusogea saa nne au zaidi, iwe kwenye ndege, basi au treni, huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda mishipani. Ni kweli, hupata kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini huyo mmoja ana mama yake Ujiji.

Basi kijana, jilinde. Kunywa maji. Chezesha vifundo vya miguu. Treni ikisimama Tabora, shuka ujinyooshe. Mzigo mwachie mwenzako unayemwamini. Mguu ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, kimbilia hospitali.

Na wakubwa wasikie. Reli ya zamani ilitufikia sisi wa mwisho wa reli mwaka 1914. Mkataba wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Vizuri! Ila ikifika, tunataka nafasi ya magoti kwa nauli ya mlalahoi. Tunalipa, hatubebwi kwa hisani!