Namba za Josh Gibson Si Hisani
Mei 2024, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani iliingiza rasmi katika rekodi zake takwimu za ligi za Weusi za 1920 hadi 1948. Ty Cobb, aliyekaa kileleni miaka nenda miaka rudi kwa wastani wa mapigo, akashuka. Juu yake akapanda Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, kwa 0.372 dhidi ya 0.367. Manung'uniko yakaanza, na hayajaisha: eti Gibson kapewa zawadi, eti siasa imechafua rekodi.

Zilikuwa safi lini? Cobb alicheza kuanzia 1905 hadi 1928 bila kukabiliana na mrushaji mweusi hata mmoja katika mechi ya ligi. Babe Ruth vivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza wastani wao ungeshuka kiasi gani kama Smokey Joe Williams au Satchel Paige wangeruhusiwa kuwarushia mpira.

Wanasema ligi za Weusi zilikuwa dhaifu. Basi watueleze haya. Mlango wa Ligi Kuu ulipofunguliwa kwa wachezaji weusi 1947, tuzo ya mchezaji mpya bora ilichukuliwa na Jackie Robinson. Kisha, kuanzia 1949 hadi 1953, katika Ligi ya Taifa, tawi moja la Ligi Kuu, ilikwenda kwa Don Newcombe, Sam Jethroe, Willie Mays, Joe Black na Jim Gilliam. Wote sita walipikwa katika ligi hizo hizo. Jethroe aliitwa mchezaji mpya akiwa na miaka 33!

Hoja yao moja ina uzito: idadi ya mechi. Cobb alihesabiwa zamu za kupiga zaidi ya 11,000, na Gibson hakufika robo yake. Ni kweli, wastani wa zamu chache huyumba kirahisi. Lakini nani aliyempunguzia mechi? Msimu wa ligi yao ulikuwa mfupi kwa sababu timu zilitafuta riziki kwa mechi za maonyesho, mji hadi mji, na mechi hizo hazimo kwenye hesabu. Huwezi kumfungia mtu nje, kisha ukamlaumu kwa kutohudhuria.

Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuichezea Brooklyn Dodgers. Wanaodai jina lake liwekewe alama ya angalizo, waanze na la Cobb.