PARABOLE YETU: TUSIIUZE MBELE YA KUIPIMA



Tunapenda kusema kidogo juu ya lile lungo kubwa la waya linalosimama nyuma ya internati. Kila mutu analiona, lakini wachache wanajua ni kitu gani. Wengine wanaanika nguo juu yake, na wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanalipiga mawe. Sasa kuna shauri la kuliuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ili feza ipatikane ya kununua manjanja ya jikoni. Sisi makapita wa madarasa tuliketi pamoja na mawazo yetu ni haya: tusiiuze mbele ya kuipima.

Tuseme ukweli kwanza. Jikoni inavuja, na sisi wenyewe njo tunakula pale. Wanaotaka manjanja wako na haki, hatupingani nao. Tunapinga haraka tu. Aluminiumu haiozi, inaweza kungoja trimesta moja na bei yake ikabaki. Lakini siku itakapokatwa na kuyeyushwa kuwa masufuria, hakuna mutu atakayeirudisha.

Je, ni kitu gani basi? Jina la kiwanda limefutwa na jua na mvua, na katika biro hakuna karatasi yake. Lakini parabole inajieleza yenyewe kwa mutu aliye na metre na kamba. Juma lililopita tuliipima pamoja na mwalimu wetu wa fizika. Upana wake ni metre 3. Tukavuta kamba mbili kutoka ukingo mpaka ukingo, zikapitana katikati kama msalaba. Kamba zikigusana pale katikati, ukingo uko sawa. Zikiachana, lungo limejipinda. Zetu ziliachana upana wa kidole kimoja, na kosa hilo linatengenezwa kwa kunyoosha mbavu mbili.

Kisha tukapima kina, kutoka kamba mpaka chini: sentimetre 50. Hapo hesabu ya darasani ikafanya kazi. Chukua upana mara upana, ugawanye kwa kina mara 16. Yaani 90,000 kwa 800: jibu ni sentimetre 112 na nusu. Ile njo fasi mawimbi yote yanapokutana, na pale kichwa cha kupokea kinapaswa kukaa. Miguu mitatu iliyobaki inafika karibu kabisa pale. Wangapi kati yetu walikariri parabole ubaoni bila kujua kwamba iko moja nyuma ya internati?

Matundu ya waya nayo yanasema. Yetu ni ya milimetre 5. Wimbi la gigahezi 4, la kundi linaloitwa C, liko na urefu wa sentimetre 7 na nusu. Kwake tundu dogo hivi ni kama ukuta. Wimbi la gigahezi 12, lile la parabole ndogo za leo, ni la sentimetre 2 na nusu tu, na sehemu yake inapenya na kupotea. Basi tumejua: hii ni antene ya kundi C, namna ile iliyoenea katika miaka ya 1980 na 1990. Ukubwa wake ulikuwa na sababu: satelaiti za wakati ule zilituma kwa nguvu ndogo. Lungo la metre 3 linakusanya mara 25 kuliko la sentimetre 60. Tena mawimbi ya C hayasumbuliwi sana na mvua, na sisi tunajua mvua ya kwetu.

Wazee wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman huko Kinshasa. Walipigana saa kumi ya usiku, ili watu wa Marekani waone kwa saa zao za jioni, na picha zilipita kwa satelaiti. Vyombo vya namna hii ni sehemu ya historia ya inchi yetu, si takataka ya wageni.

Jambo lingine linatuhusu sisi wa upande wa Butembo. Satelaiti hizo zinasimama juu ya mstari wa Ekwateri, kilometre 35,786 kutoka ardhi, na sisi tuko karibu kabisa na mstari huo. Mutu wa Ulaya anaelekeza antene yake upande wa kusini. Kwetu njia ya satelaiti inapita juu ya kichwa, kutoka mashariki mpaka magaribi. Ndiyo maana ule mti wa chuma unaozungusha lungo unapaswa kulala sawasawa na ardhi, kutoka kaskazini mpaka kusini. Anayefuata vipimo vya kitabu cha Ulaya atatafuta bure. Tena karibu na tarehe 21 ya mwezi wa tatu na 23 ya mwezi wa tisa, jua linapita njia ile ile. Ukilifuata kwa kuzungusha lungo, kivuli cha kichwa kikibaki katikati tangu asubuhi mpaka jioni, ujue mti umelala vizuri. Hakuna mashine ya kununua kwa kazi hiyo.

Wamoja watauliza: tutaona nini? Hatudanganyi mutu. Makanali mengi yamefungwa, yanataka kulipa kila mwezi. Satelaiti nazo zinakufa: Intelsat 33e, iliyorushwa mwaka 2016, ilivunjika vipande vipande tarehe 19 Oktoba 2024. Hatuahidi mpira wa kila juma. Lakini hata picha ikikosekana, lungo la metre 3 likiwekwa kichwa kinachofaa linaweza kusikia hidrojeni ya mbinguni kwenye megahezi 1,420. Somo kama hilo halimo katika kitabu chochote cha maktaba yetu.

Basi tunaomba hivi:

1. Kamati ya shule itupe trimesta moja.

2. Mafundi wa darasa la mwisho wanyooshe mbavu, wabadilishe mabuloni yenye kutu na kupaka rangi isiyong'aa. Rangi yenye kung'aa inakusanya joto la jua na kuunguza kichwa.

3. Kichwa na kabo vinunuliwe kwa mchango wa madarasa, si kwa feza ya jikoni. Dekoda tutaiomba kwa wazazi walio na ya zamani.

4. Vipimo vyote viandikwe katika daftari moja, likae katika biro ya Bwana Prefe.

5. Trimesta ikiisha bila lolote kusikika, lungo liuzwe, na sisi wenyewe tutalibeba mpaka barabarani.

Na ninyi wadogo wetu, tangu leo mawe yaishe. Nguo zianikwe kwenye kamba zake.

Sisi wa mwaka wa mwisho tutafanya mtihani wa taifa na kwenda zetu. Picha ya kwanza labda tutaikosa. Walio nyuma yetu waikute antene imesimama, pamoja na daftari lake. Mwenye wazo lingine aandike katika namba ijayo, nasi tutajibu.

Kwa niaba ya makapita wa madarasa,
Mkuu wa wanafunzi